Siri ya Mtungi Aijuaye ni Kata: Nyumba ya Mmishenari katika Kitabu cha Safari, Wasifu na Riwaya

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika ya Mashariki, mmishenari ni mhusika ambaye aghalabu huhukumiwa kabla hajafumbua kinywa. Tangu miaka ya 1960, wahakiki wetu wengi wamemsoma kama wakala wa ukoloni: Biblia mkono huu, bendera mkono ule. Usomaji huo una ukweli wake na makala haya hayakusudii kuubatilisha. Hata hivyo, umetuzoeza kumwona mmishenari akiwa kanisani, darasani au njiani, na kutomwona akiwa mezani pake. Tumesahau kwamba mtu huyu alikuwa na nyumba. Kwamba ndani ya nyumba hiyo mlikuwa na mke, watoto, mpishi, yaya na mtungi wa maji. Na kwamba injili aliyoihubiri nje ilipimwa kila siku ndani ya kuta hizo.

Makala haya yananuia kuchunguza jinsi maisha ya kila siku ya familia za wamishenari ugenini yalivyosawiriwa katika vitabu vinne. Cha kwanza ni kitabu cha safari cha Johann Ludwig Krapf kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1860. Cha pili na cha tatu ni wasifu alizoandika Pearl S. Buck kuhusu wazazi wake, *The Exile* na *Fighting Angel*, zote za mwaka 1936. Cha nne ni riwaya ya Barbara Kingsolver, *The Poisonwood Bible* (1998). Vitabu hivi vinatupeleka Mombasa, China na Kongo, na tanzu zake hazifanani. Kinachotuwezesha kuvisoma pamoja ni suala moja la usimulizi: ni nani, kati ya wakazi wa nyumba hiyo, aliyepewa nafasi ya kuisimulia?

Hoja yetu ni kwamba nafasi ya msimulizi ndiyo inayoamua nyumba itakuwa nini katika matini. Mhubiri anapojisimulia, nyumba huwa sadaka. Binti anaposimulia, nyumba huwa ushahidi. Na yupo mkazi wa tatu, mtumishi wa nyumba, ambaye vitabu hivi vyote vinamtegemea lakini havijamuuliza.

Nyumba Inayoonekana Mautini

Kila mwanafunzi wa Kiswahili humjua Krapf kama mwanzilishi wa isimu ya Kiswahili ya kizungu. Tunamfundisha kwa tarehe: kuwasili Unguja Januari 1844, kuhamia Mombasa Mei mwaka huo, kuanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo mwezi Juni, kwa msaada wa kadhi wa Mombasa, kuingia Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann, sarufi ya mwaka 1850, na kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Ni nadra sana katika orodha hiyo kutajwa kwamba Krapf hakufika pwani peke yake. Alifuatana na mkewe, Rosine. Mwaka 1843, walipokuwa wakijaribu kurejea Shoa katika nchi ya Uhabeshi, walikuwa wamekwisha kumpoteza mtoto wao wa kwanza njiani. Julai 1844 Rosine alijifungua mtoto wa kike mjini Mombasa. Siku chache baadaye alifariki kwa homa, na kitoto kile kikamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. Rosine alizikwa upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa.

Msomaji makini hawezi kukosa kuona jambo moja katika masimulizi ya Krapf. Rosine, ambaye katika kurasa zilizotangulia alikuwa kivuli tu kinachomwandama mumewe, anapata mwili na sauti anapokaribia kufa. Hapo ndipo tunapoelezwa anavyosali, anavyowausia waliomzunguka, na anavyojikabidhi kwa Mola wake. Alivyoishi katika mji ule kwa ile miezi michache hutuambiwi ila kwa uchache mno: nani alimtekea maji, mwanamke gani wa Kimvita aliyemjulia hali katika ujauzito wake, alikula nini, alizungumza lugha gani na waliomhudumia.

Yafaa tuseme wazi kwamba hili halitokani na ukosefu wa upendo. Ni suala la utanzu. Uandishi wa kimisheni wa karne ya 19, hasa ule wa Kiprotestanti uliomlea Krapf, ulikuwa na kanuni zake, na mojawapo ni kisa cha kifo chema. Mtu huonyeshwa akifa katika imani ili kifo chake kiwe mahubiri kwa walio hai. Kanuni hiyo inaligeuza kaburi kuwa alama ya njia: anayelala pale amelitangulia jeshi litakalokuja. Kwa hiyo mke na mtoto wanaingia katika matini kama bei iliyolipwa. Nyumba inatajwa inapobomoka, kwa kuwa ni kubomoka kwake ndiko kunakothibitisha ukubwa wa wito.

Hata hivyo, kuna mahali pengine ambapo Krapf aliiandika nyumba, napo ni katika kamusi yake. Tuifunguapo tunakutana na vyombo vya jikoni, vyakula na mapishi, desturi za ndoa, maneno ya uzazi na ulezi wa mtoto. Yale ambayo kitabu cha safari kiliyaona hayafai kusimuliwa, kamusi iliyaona yanafaa kuorodheshwa. Lakini nyumba hiyo ya kamusi ni nyumba ya Mswahili na Mrabai. Nyumba ya Krapf mwenyewe, ambayo maneno mengi kama hayo yalihitajika ndani yake ili mtu apate maji ya kunywa na uji wa mgonjwa, imebaki kimya. Na waliomtamkia maneno hayo wengi wao hawana majina. Tutairudia nukta hii.

Nyumba Moja, Vitabu Viwili

Pearl S. Buck alizaliwa mwaka 1892 huko West Virginia, Marekani, wazazi wake wakiwa likizoni, na akapelekwa China akiwa mchanga wa miezi michache. Baba yake, Absalom Sydenstricker, na mama yake, Caroline, walikuwa wamekwenda huko mwaka 1880 chini ya kanisa la Presbiteri. Walizaa watoto saba. Wanne walifariki wakiwa wadogo. Mama alifariki mwaka 1921, baba mwaka 1931. Binti aliandika kitabu kimoja cha mama, *The Exile*, kilichokaa miaka mingi bila kuchapishwa, kisha akaandika cha baba, *Fighting Angel*. Vyote viwili vilitoka mwaka 1936, na Tuzo ya Nobeli aliyopewa mwaka 1938 ilizitaja wasifu hizo waziwazi pamoja na riwaya zake.

Swali la kifani linalotukabili ni hili: kwa nini vitabu viwili? Wazazi hawa waliishi chini ya paa moja kwa takribani miaka arobaini, wakawazika watoto wale wale na kuzikimbia ghasia zile zile za mwaka 1900. Mwandishi wa kawaida angeandika kitabu kimoja cha familia. Kuligawa simulizi ni hukumu tayari. Buck anatuambia kwa muundo, kabla ya kutuambia kwa maneno, kwamba katika nyumba ile waliishi watu wawili ambao hawakuwa na hadithi moja. Vitabu hivyo vilipokuja kuunganishwa mwaka 1944 vilipewa jina *The Spirit and the Flesh*, yaani roho na mwili, na jina hilo linadhihirisha mgawanyo: baba ni roho, mama ni mwili.

Katika *The Exile*, mama, anayeitwa Carie, anasawiriwa kwa kazi za mikono yake. Anapanda bustani ya maua ya kwao katikati ya mji wa Kichina. Anasugua sakafu, anachemsha maji, anapigana na nzi kwa kuwa amejifunza, kwa vifo vya watoto wake, kwamba nzi ni adui halisi kuliko shetani wa mimbarini. Anawasikiliza wanawake majirani wanaokuja kumlilia shida zao, na kuwapa dawa na nasaha. Imani yake ni ya kutafuta: anaomba ishara na haipati, lakini haiachi kazi. Katika *Fighting Angel*, baba, anayeitwa Andrew, yuko njiani. Anakwenda kwa mashua na kwa punda, miezi kwa miezi, akihubiri vijijini. Anaporudi ni mgeni katika nyumba yake. Hana shaka hata chembe. Wito umemmaliza shaka.

Pengo kati ya vitabu hivi linaonekana bora zaidi katika suala la fedha. Andrew alijitwika kazi ya kulitafsiri Agano Jipya kutoka Kiyunani hadi Kichina cha watu wa kawaida, na kila alipolirekebisha alilichapisha upya kwa fedha za mshahara wake. Kwa mintarafu ya historia ya misheni, hiyo ni kazi tukufu. Kwa mintarafu ya nyumba, ni nguo isiyonunuliwa na mwanasesere ambaye mtoto hakumpata. Buck hasemi kwamba tafsiri ile haikustahili. Anachofanya ni kuiweka mezani, kando ya sahani, na kutuacha tuipime. Hapa ndipo wasifu inapofanya kazi ambayo kitabu cha safari hakikuweza. Sadaka anayoitoa mhubiri ina mwenyewe, na mwenyewe hakuulizwa.

Kwa upande wa sanaa, tunaona kwamba *Fighting Angel* ni kitabu bora kuliko mwenzake. Katika *The Exile*, binti amesimama karibu mno na mama. Usimulizi unaelekea kuwa maombolezo, na Carie hupewa haki katika kila shauri. Katika kile cha baba, binti analazimika kumtafuta mtu ambaye hakumjua alipokuwa mtoto. Umbali huo unazaa kejeli, na kejeli hiyo, kinyume cha matarajio, inazaa heshima. Andrew anatuudhi kwa imani yake kwamba mwanamke aliumbwa kuwa chini ya mwanamume, kisha anatustaajabisha kwa ujasiri wake. Huyo si mhusika bapa. Ikumbukwe kwamba mwandishi huyu huyu, Novemba 1932, alikuwa amehoji hadharani mjini New York uhalali wa misheni za ugenini, na mwaka 1933 akajiuzulu katika bodi ya misheni ya kanisa lake. Aliyekwisha kukata shauri dhidi ya kazi ya baba yake bado aliweza kumwandika baba huyo kwa ukamilifu. Uhakiki wetu una la kujifunza hapo.

Bustani Mbili

Kingsolver hakuwa mtoto wa wamishenari, ingawa aliishi Kongo utotoni kwa kuwa wazazi wake walifanya kazi ya afya huko. Riwaya yake inawafuata Nathan Price, mhubiri wa Kibaptisti kutoka jimbo la Georgia, mkewe Orleanna na mabinti wanne hadi kijiji cha kubuni cha Kilanga mwaka 1959, katika mkesha wa uhuru. Kifani, Kingsolver anamaliza kazi aliyoianza Buck: usimulizi wote umo mikononi mwa mama na mabinti. Baba, ambaye ndiye mwenye mahubiri, hapewi hata sura moja ya kujieleza. Krapf alisimulia na mkewe akanyamaza. Hapa mke na watoto wanasimulia na mhubiri ananyamazishwa.

Tulinganishe bustani mbili. Carie alipanda maua ya kwao, nayo yakachanua, na bustani ile ikawa mahali pa kupumulia yeye na majirani zake. Nathan anapanda mbegu za Marekani kwa namna ya Marekani, akipuuza ushauri wa Mama Tataba kuhusu matuta. Mvua inazisomba mbegu. Anapolazimika kuinua matuta, mimea inastawi kwa fahari kubwa lakini haizai, kwa sababu hakuna wadudu wa kuichavusha. Taswira hii imekwisha kuhakikiwa mara nyingi kama ishara ya dini isiyotia mizizi. Tungependa kuisoma kwa namna ya karibu zaidi. Mboga zile zilikusudiwa kulisha watoto. Kushindwa kwa bustani, kabla ya kuwa ishara ya lolote, ni chakula ambacho hakikufika mezani, na atakayeliziba pengo hilo ni Orleanna.

Kasoro ya riwaya iko hapo hapo kwenye nguvu yake. Nathan amepewa sababu moja ya kisaikolojia, aibu ya kunusurika vitani ilhali wenzake waliangamia, na sababu hiyo inamfunga kama mshipi. Habadiliki wala hatushangazi. Anaukaribia ubapa ule ule tuliouona katika uhakiki wetu wa mmishenari. Andrew wa Buck alikuwa mgumu kama Nathan, lakini binti yake alimruhusu atupinge.

Msomaji wa Kenya atakumbuka nyumba nyingine ya mhubiri, ya Joshua katika *The River Between* (1965) ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Joshua si mgeni wa kutoka ng'ambo, lakini nyumba yake huko Makuyu imejengwa kwa kanuni ile ile. Muthoni anapokwenda kutahiriwa, baba anamkana. Anapofariki, nyumba inaendelea kana kwamba hakuwahi kuwako, na Miriamu, mama, anabaki na uchungu usio na mahali pa kutolewa. Ngũgĩ anatuonyesha kwamba kanuni ya sadaka haikubaki katika nyumba za wageni. Ilirithiwa pamoja na katekisimu.

Kata Isiyoulizwa

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye ni kata. Buck na Kingsolver wamemfanya binti kuwa kata, naye ametupa mengi. Lakini katika nyumba ya mmishenari binti hakuwa wa kwanza kuutia mkono mtungini. Nyumba ya akina Sydenstricker ilikuwa na yaya wa Kichina, Wang Amah, aliyewalea watoto na kuwasimulia ngano. Buck anamwandika kwa upendo. Hata hivyo, tunamwona daima kwa jicho la mtoto aliyelelewa. Hatumwoni akirudi chumbani mwake jioni na kuwafikiri watu hawa aliowatumikia.

Kingsolver anakwenda hatua moja mbele. Mama Tataba ndiye anayejua kwa nini wanakijiji hawataki kubatizwa mtoni: mamba alikwisha kumuua mtoto pale. Anaposema na kutosikilizwa, anaondoka. Tangu siku hiyo kuni, maji na mkate vinamwangukia Orleanna, na ndipo msomaji anapotambua kwamba nyumba ile haikusimamishwa na mhubiri wala na mkewe. Lakini Mama Tataba anapotoka katika nyumba anatoka pia katika usimulizi. Riwaya yenye wasimulizi watano haikupata nafasi ya wa sita.

Rabai nako hali ni ile ile. Rebmann alikaa hadi mwaka 1875. Mkewe Emma alikuwa amefariki mwaka 1866, naye Rebmann akaishia kuwa kipofu. Mtu asiyeona, mjane, ugenini, hawezi kuishi siku moja bila mikono ya watu wengine. Mikono hiyo ilikuwa ya watu wa Rabai. Ndiyo inayotuonyesha kwamba uhusiano wa mmishenari na wenyeji haukuwa wa mimbari pekee. Ulikuwa wa kushikwa mkono na kupewa maji.

Yamkini atatokea mhakiki aseme kwamba kuitazama nyumba ni kulainisha hukumu: tunawahurumia wajane na watoto wagonjwa, kisha tunasahau mashamba yaliyonyakuliwa. Tunaiheshimu hofu hiyo, lakini tunaona kinyume chake. Nyumbani ndimo mamlaka yalimokuwa dhahiri zaidi. Nani aliingia kwa mlango wa mbele na nani kwa wa nyuma? Nani aliitwa kwa jina lake na nani kwa jina la kazi? Watoto wa mpishi walisoma wapi, na watoto wa bwana walisoma wapi? Shule ya Rift Valley Academy huko Kijabe ilianzishwa mwaka 1906 kwa ajili ya watoto wa wamishenari. Ukweli huo mmoja wa maisha ya familia una siasa nyingi ndani yake kuliko mahubiri kadhaa. Anayeiacha nyumba kwa kuogopa huruma anauacha pia ushahidi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba maisha ya kila siku ya familia ya mmishenari si mapambo ya pembeni katika maandishi ya kimisheni, bali ni mahali ambapo utanzu na nafsi ya msimulizi hukutana na kupimwa. Kwa Krapf nyumba ni bei ya wito. Kwa Buck ni daftari la hesabu ambalo binti amelifungua. Kwa Kingsolver ni mahakama ambayo mshtakiwa hakupewa kauli. Kati ya hao, Buck ndiye aliyetenda haki zaidi, kwa kuwa alikubali kuandika mara mbili.

Lililobaki ni kazi yetu. Wapo bado, Rabai, Tumutumu, Kijabe, Kaimosi, Maseno na Chogoria, wazee ambao wao wenyewe, au wazazi wao, walipika, walifua na kulea katika nyumba za misheni. Simulizi zao si malighafi ya wanahistoria peke yao. Zina usimulizi, kejeli, ucheshi na uhusika wake, na idara kama zetu, zinazojivunia utafiti wa fasihi simulizi, zimezingatia zaidi ngano na nyimbo kuliko masimulizi ya maisha ya namna hii. Mwanafunzi wa uzamili anayetafuta mada hana haja ya kwenda mbali. Lakini hana budi kwenda mapema, kwa maana wazee hao umri umewatupa mkono, na kila mmoja anapozikwa, mtungi mmoja huzikwa pamoja na kata yake.